Chupa ya Kijani ya Bi Mkubwa

Nesi aligundua uhalifu ule kwa kuangalia mkono.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, saa yake ya kawaida ya kumtembelea mgonjwa. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mikate, kimegawana ukuta na tanuri, na joto lake lilitosha kumvua mtu koti akiwa bado mlangoni. Mgonjwa alikuwa amejifunika mablanketi mawili. Nesi alipomshika mkono ampime mapigo ya moyo, aliona vinyweleo vimesimama na ngozi yote imetoka vipele, kama ya mtu aliyetolewa kwenye maji ya barafu.

"Ni mafua," alieleza mama anayemtunza. "Tangu Jumamosi. Chafya, miayo, machozi yanamtoka tu. Na tumbo linamwendesha. Nampa maji ya sukari na chumvi asije akakaukiwa."

Nesi alikuwa amewahudumia wagonjwa wa saratani kwa miaka mingi, na alijua ugonjwa mmoja unaojifanya mafua. Mwili uliozoea mofini, ukinyimwa ghafla, hudai haki yake kwa namna hiyohiyo: miayo, chafya, kuhara, baridi mahali pasipo na baridi. Mtaani wanaita arosto. Tatizo ni kwamba mgonjwa huyu, Bi Mkubwa, hakunyimwa kitu. Alikuwa akipewa dawa yake ya maumivu kila baada ya saa nne, kwa kipimo, bila kukosa.

Nesi alifungua kisanduku cha chuma kilichokuwa juu ya kabati, akatoa chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ya hospitali ilitiwa rangi ya kijani ili mtu asiichanganye na maji, na hii nayo ilikuwa kijani. Lakini chini ya chupa kulikuwa kumetuama vijinyuzi vyeupe, vyembamba. Dawa ya hospitali haina nyuzi. Akaifunga chupa, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akatoka nje kupiga simu polisi.

Inspekta alifika saa sita na nusu akiwa na Koplo wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kuuliza swali na kisha kuangalia pembeni, jambo lililowafanya watu waseme zaidi ya walivyokusudia. Koplo alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na mapenzi makubwa kwa vitu vitamu. Kumleta kwenye duka la mikate ilikuwa ni kumjaribu bure.

Nesi aliwaeleza wakiwa uani, karibu na mlango wa nyuma wa duka. Bi Mkubwa, kama watoto wake na mtaa mzima walivyomwita, ndiye aliyeanzisha duka lile, na ameoka kwa miaka arobaini. Sasa alikuwa na saratani ya mifupa. Hakubakiwa na muda mrefu, na kazi ya dawa ile ilikuwa moja tu, kumwezesha kuumaliza muda huo bila kulia.

"Ufunguo wa kisanduku?" Inspekta aliuliza.

"Miwili. Mmoja uko chini ya mto wa Bi Mkubwa. Mwingine anauvaa shingoni Shangazi, yule anayemtunza. Si shangazi wa mtu hapa, ni jina tu walilompa, kwa kuwa amekaa nao muda mrefu."

"Nani anampa dawa?"

"Shangazi, mchana na usiku. Dozi ya alfajiri anampa Kitinda, mtoto wa kiume, maana yeye huamka mapema kuwasha tanuri. Jumapili ni mapumziko ya Shangazi, basi anampa Dada, binti mkubwa." Nesi alisita. "Kuna jambo lingine. Mwezi huu daktari ameongeza dozi mara mbili. Maumivu yalikuwa yanazidi. Nilidhani ugonjwa unasonga mbele."

"Na sasa?"

"Sasa nadhani ni dawa iliyokuwa inarudi nyuma. Mtu alikuwa anachota na kujazia, anachota na kujazia, mpaka wiki iliyopita akachota yote." Sauti yake ilibadilika hapo. "Yule mama anaumwa mifupa, Inspekta. Mifupa. Na mtu anampa maji yenye rangi."

Inspekta aliangalia pembeni. Kando ya mlango kulikuwa na chungu kikubwa chenye mshubiri, majani yake manene yenye miiba. Waokaji wengi hupanda mmea huo karibu, kwa ajili ya kujipaka wanapoungua. Jani moja la chini lilikuwa limekatwa kwa kisu, na kidonda chake kilikuwa kimeshakauka.

"Ulionja?" alimwuliza Nesi.

"Hapana. Lakini Shangazi anasema mgonjwa alikuwa anakunja uso kama kawaida. Basi ilikuwa chungu."

Walianza na Kitinda. Jina lilitokana na kitindamimba, kwa sababu alikuwa mtoto wa mwisho, na lilikuwa limemganda ingawa sasa alikuwa na miaka arobaini na mvi za kuhesabika kidevuni. Walimkuta mbele ya meza ndefu, mikono imezama kwenye bakuli la unga wa keki. Alikuwa mchangamfu. Aliongea huku akifanya kazi: mayai, sukari, mkono unakwenda kwenye kopo la bati lililo rafuni na kurudi, maziwa, mwiko, yote bila kuangalia.

"Poleni na kazi. Kaeni hapo kwenye magunia, yamezoea watu," alisema. "Mimi siamini kama kuna mtu humu ndani anaweza kufanya kitu kama hicho. Labda hospitali ndio waliowapa chupa mbovu."

"Chupa ilikuja na lakiri. Shangazi na Nesi waliifungua pamoja," alisema Inspekta. "Wewe umewahi kutumia dawa za maumivu?"

"Nimetumia sana," alijibu mara moja. "Miaka miwili iliyopita nilibeba gunia vibaya, mgongo ukakatika. Nikapasuliwa. Nilipewa vidonge vikali, miezi minane. Viliisha zamani. Sasa niko fiti, angalia." Akainua gunia la unga nusu futi kutoka chini, akaliweka, akacheka.

Alikuwa amesimama mahali penye kivuli, lakini Inspekta aliona mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama punje za ufuta. Alilitia jambo hilo akilini. Kitinda aliwamiminia chai ya rangi, akatia sukari vijiko viwili viwili bila kuuliza, mkono ukaenda tena kwenye kopo la bati na kurudi, akakoroga, akawapa. Chai ilikuwa nzuri kuliko ya ofisini, ingawa ilikuwa na jambo fulani ambalo Inspekta alishindwa kulitaja. Alikunywa akamaliza.

Dada alikuwa chumba cha mbele, akipamba keki ya harusi. Alikuwa na mkebe mdogo wa rangi ya kijani mbele yake, na vidole vyake viwili vilikuwa vimekolea kijani mpaka kwenye kucha. Koplo alimkonyeza Inspekta. Inspekta alijifanya hakuona.

"Najua mnachofikiria," Dada alisema bila kuacha kazi. "Rangi ni zangu. Lakini mkebe huu unakaa rafuni wazi, hata paka anaweza kuuchukua. Mnataka mwizi? Mwizi ana ufunguo shingoni. Angalieni mkoba wake. Jana nimeona ndani kuna kichupa cha maji ya kijani."

"Humpendi Shangazi?"

"Nampenda nini? Mama mzazi analia usiku kucha, yeye anapiga miayo mchana kutwa. Anapiga chafya. Mimi si daktari, lakini nasoma. Hizo ni dalili." Aliweka jani la sukari kwenye ukingo wa keki, akalipima kwa rula. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu. Mizani ndogo ilikuwa mkono wa kulia, vijiko vya vipimo vimepangwa kwa ukubwa. Koplo aliomba aonje kipande kilichokatwa pembeni, akapewa kwa dharau.

"Mimi nimesoma chuoni kazi hii," Dada aliendelea. "Humu ndani ni vita. Mama kazi yake yote ilikuwa ya vidole, bila mizani. Na kitu chochote chenye sukari lazima akitupie chumvi kidogo, eti sukari bila chumvi haina akili. Wateja walikuwa wanamtania, mwanamke anatia chumvi mpaka kwenye keki. Nilimweleza mwalimu wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi natia kilichoandikwa, gramu kwa gramu."

"Tamu," alisema Koplo kuhusu kipande chake. "Tamu tu."

Bi Mkubwa alikuwa ameshapewa dawa mpya, dozi ndogo kwanza kwa tahadhari, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea. Dawa hiyo sasa ilikuwa kwenye mfuko wa gauni la Nesi, ambaye alikuwa ameapa kukaa chumbani humo mwenyewe mpaka mambo yaeleweke. Inspekta alivuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kwa ajili ya chupa."

"Ndiyo, mama. Polepole tu. Nataka kujua kama uliona tofauti yoyote. Ladha, kwa mfano."

Mgonjwa alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa makali bado, hayakuumwa. "Dawa ni dawa. Ni chungu."

"Wiki iliyopita nayo?"

"Chungu."

Koplo, kwa nia njema, alitoa mfukoni kipande cha keki alichonunua asubuhi kwenye duka la mtaa wa pili, akamkaribisha mgonjwa. Bi Mkubwa alimega chembe moja, akaiweka ulimini, akafumba macho. "Mayai yamekaa siku nyingi," alisema. "Na siagi si siagi. Mwambie mwenye duka aache kudanganya watu." Akamrudishia.

Inspekta aliaga. Nje alimwambia Koplo, "Ulimi ule umetambua yai bovu kwenye chembe ya keki. Lakini umepewa maji ya rangi wiki nzima, ukaona sawa."

"Ugonjwa unaharibu ladha, Afande."

"Haukuharibu ya keki."

Mkoba wa Shangazi ulipekuliwa mbele yake. Ndani kulikuwa na shuka la kubadilisha, kitana, na kichupa cha maji ya kijani kisicho na karatasi ya jina. Shangazi alisema ni dawa ya kusukutua mdomo, ameimimina kutoka chupa kubwa. Alisema hivyo huku akipiga chafya mara tatu. Dada alisimama mlangoni na mikono kifuani. Kitinda alisimama nyuma yake, akaangalia sakafu.

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia habari za ulimi. Mtu ana ufunguo, ana kichupa cha kijani, ana dalili. Alitaka awekwe ndani mpaka maabara ijibu. Shangazi alipopandishwa gari alimwomba Inspekta jambo moja tu, kwamba Bi Mkubwa asiambiwe. "Mwambieni nimekwenda kwetu, kuna mgonjwa. Atahangaika bure." Wakamwambia hivyo Bi Mkubwa, naye akasema sawa.

Mahabusu ndipo Shangazi alipojitetea bila kusema neno. Alilala. Alilala juu ya sakafu ya saruji, katikati ya wanawake sita, tangu jua lilipozama mpaka lilipotoka, akakoroma hadi wenzake wakamlalamikia askari wa zamu. Siku ya pili alilala tena. Siku ya tatu mafua yake yalikuwa yamekwisha na uso umejaa.

"Huyu hana arosto," Inspekta alimwambia Koplo. "Mwenye arosto hawezi kulala hata ukimpa godoro la manyoya. Miguu yake hugombana yenyewe. Huyu alikuwa na mafua ya kweli na usingizi wa wiki nzima, kwa sababu alikuwa anakesha na mama anayelia."

Maabara ilipiga simu Ijumaa asubuhi. Kichupa cha mkoba: dawa ya kusukutua mdomo. Chupa ya kisanduku: maji, rangi ya chakula, utomvu wa mshubiri, sukari, na chumvi ya jikoni kwa kiasi kidogo. Mofini hata ya kuonja hakuna.

"Sukari na chumvi," Koplo alisema kwa furaha. "Afande, yale maji! Shangazi alikuwa anamkorogea mgonjwa maji ya sukari na chumvi. Ameyatia rangi, basi."

"Alianza kumkorogea lini?"

"Jumamosi, alipoanza kuharisha."

"Na kwa nini aliharisha?"

Koplo alianza kuhesabu siku kwa vidole.

"Kwa sababu dawa ilikuwa imeshaisha," alisema Inspekta. "Chupa ilijazwa maji kwanza, tumbo likafuata, na ndipo maji ya sukari na chumvi yakaja. Siku chupa inajazwa, nyumba ile haikuwa na sababu ya kukoroga maji hayo. Rangi naielewa, ni ya kudanganya macho. Mshubiri naelewa, ni wa kudanganya ulimi. Sukari naelewa, dawa halisi ina utamu kidogo nyuma ya uchungu. Chumvi ni ya nini?"

Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai ya ofisini. Alikunywa funda moja, akalikalisha mdomoni, akakumbuka chai nyingine iliyokuwa na jambo ambalo alishindwa kulitaja. Akasimama, akachukua kofia yake.

"Mtoe Shangazi. Tunakwenda naye."

Kitinda alikuwa mbele ya tanuri lililowaka, mlango wazi, mikate inaingia. Alikuwa amevaa sweta. Alipogeuka kuwasalimu alifinya macho, kwa sababu mwanga wa mlangoni ulimchoma, na mboni zilizokuwa punje za ufuta Jumanne sasa zilikuwa zimejaa jicho zima. Kamasi zilimtoka. Alipiga miayo katikati ya salamu.

"Shangazi ameniambukiza mafua yake," alisema.

Inspekta alisogea karibu, akaikunja taratibu mikono ya sweta yake mpaka kwenye viwiko, kama mama anayemtayarisha mtoto kunawa. Kitinda hakumzuia. Joto la tanuri lilikuwa linawachoma wote wawili usoni, lakini vinyweleo vya mkono wake vilikuwa vimesimama, na ngozi yote imetoka vipele.

"Twende kwa mama," alisema Inspekta.

Chumbani walikuwa sita, na hapakuwa na pa kukaa. Nesi alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Dada alikuja na aproni yake, akamwona Shangazi, akauliza kwa nini ameachiwa. Bi Mkubwa, aliyekuwa ameketishwa kwenye mito, aligeuza kichwa.

"Ameachiwa wapi?"

Inspekta alikuwa ameingoja nafasi hiyo.

"Mahabusu, mama. Shangazi hakwenda kwao. Amelala sakafuni kwenye kituo chetu tangu Jumanne, kwa kosa la kukuibia dawa. Ni yeye aliyetuomba tusikuambie."

Mikono ya Bi Mkubwa ilianza kutembea juu ya blanketi, ikitafuta kitu. Alimtazama Shangazi muda mrefu. Kisha akamtazama mwanawe, na Kitinda akageukia ukuta.

"Chupa ilijazwa na mtu anayejua mambo mawili," alisema Inspekta. "Kwanza, utamu na uchungu wa dawa halisi, maana ameinywa. Pili, kuoka. Alikata jani la mshubiri hapo nje, akachukua rangi rafuni. Akatia sukari. Na alipotia sukari, mkono wake ukaenda kwenye kopo la bati, kwa sababu tangu utotoni mkono huo haujawahi kugusa sukari ukaacha kugusa chumvi. Hakuwa na haja nayo. Nadhani hata hajui kama aliitia. Jumanne alinitilia kwenye chai, na hakujua."

"Dada naye ni mtoto wa mama huyu," alisema Kitinda, bado anatazama ukuta. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekamilisha hesabu.

"Dada yako anapima. Koplo ameonja kazi yake. Na dada yako hana baridi."

Dada alikuwa amekaa chini bila kujua, kwenye ukingo wa kitanda. "Kitinda," alisema. "Ulikuwa unamsikia. Ukuta ni huu huu mmoja. Ulikuwa unamsikia anavyolia."

Kitinda alijifuta pua kwa mkono wa sweta. Alipoongea, aliongea na Inspekta, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuwatazama wengine wote chumbani.

"Daktari alinipa vidonge, nikanywa kama alivyoandika. Sikuzidisha hata kimoja. Baada ya miezi minane akasema basi, mgongo umepona. Mgongo ulikuwa umepona kweli. Ni mimi niliyekuwa sijapona. Siku ya pili bila kidonge nilidhani nakufa. Baridi, jasho, miguu inapiga mateke usiku kucha, tumbo limegeuka maji. Nilirudi kwake, akanitazama kama mwizi, akanifukuza. Nikanunua mitaani mpaka nikashindwa. Si raha, Inspekta. Watu wanadhani ni raha. Raha iliisha mwezi wa kwanza. Nilikuwa nakunywa ili niwe kama ulivyo wewe sasa hivi, hujanywa chochote."

"Na ya mama?"

"Nilikuwa nasema nachota kidogo, atabakiwa na ya kutosha. Halafu wakamwongezea dozi, nikasema si wamemwongezea. Wiki iliyopita nilisema ni hii tu, nimalize, niache. Nilichukua yote." Alipiga miayo, machozi yakamtoka, na haikujulikana ni machozi ya nini. "Kila alfajiri nilikuwa nampa kijiko cha maji kwa mkono wangu. Alikuwa ananiambia asante."

Nesi aliinama, akaziba uso. Inspekta alimgeukia mgonjwa.

"Mama, wewe ulijua."

"Chumvi nimeionja siku ya kwanza," alisema Bi Mkubwa. "Nani mwingine angenitilia chumvi? Nimemfundisha mimi, akiwa amesimama juu ya ndoo ili aifikie meza."

"Ukakaa kimya. Na maumivu yale."

"Ningesema nini? Kwamba mwanangu ananipa maji?" Alipumzika kidogo, pumzi zilikuwa fupi. "Tena hamjamaliza kuuliza. Hamjauliza kijiko cha kwanza alikipata wapi."

Kitinda aligeuka kutoka ukutani. "Mama, acha."

"Alikuja hapa mwaka huu, kabla mvua hazijaanza. Akapiga magoti hapo alipokaa dada yake. Anatetemeka, meno yanagongana, mtu mzima. Hakuniomba. Alitaka tu nimshike mkono. Mimi nilikuwa na chupa, na ufunguo chini ya mto. Mama gani ana dawa mkononi, mwanawe anatetemeka mbele yake, asimpe? Nikampa. Akatulia hapohapo. Akalala miguuni kwangu kama zamani." Alifumba macho. "Nilifurahi. Kesho yake nikampa tena. Kwa hiyo wiki hii nililipia kosa langu. Nilisema nitakwenda na siri hii kaburini, na yeye akibaki atapata njia. Sikujua kama kuna mtu mwingine analala sakafuni kwa ajili yetu. Shangazi, njoo hapa."

Shangazi alikwenda. Bi Mkubwa alimshika kiganja, akakiweka shavuni mwake. Dada aliinuka akampisha nafasi ya kukaa. Hakuomba radhi siku ile. Alikuja kuomba baadaye, kwa shida, kama mtu anayemeza mfupa.

Taratibu zilifuatwa. Kitinda alitiwa pingu uani, si chumbani, na kabla ya kituo alipelekwa hospitali. Nesi alikuwa amesisitiza: mtu hakatwi dawa hizi kama inavyokatwa kamba, anapunguziwa hatua kwa hatua na daktari anayejua kazi yake, vinginevyo atatoka na kuiba tena kwa jirani. Inspekta aliandika hivyo kwenye jalada, chini ya kosa lenyewe. Kuhusu kijiko cha kwanza aliandika kwamba mgonjwa alitoa maelezo akiwa katika hali mbaya, na kwamba hayakuhitajika kuthibitisha kesi. Koplo alisoma sentensi hiyo mara mbili, akarudisha jalada bila maoni.

Lakini hayo yalikuwa ya ofisini. Chumbani, saa nane kamili, muda wa dozi ulifika. Nesi alitoa chupa mfukoni, akapima, akampa Shangazi kijiko. Inspekta alikuwa bado mlangoni akisubiri Koplo alete gari. Ng'ambo ya ukuta mikate ya mwisho ya Kitinda ilikuwa inaungua, na hakuna aliyekwenda kuitoa.

Bi Mkubwa alifungua mdomo, akameza. Uso ulikunjamana kwa uchungu, kisha ukakaa. Katika wiki ile yote alikuwa amelia kwa maumivu mpaka majirani wakasikia, lakini hakuna aliyemwona akitoa machozi ya huzuni. Sasa aliupitisha ulimi kwenye midomo polepole, mara moja, mara ya pili, akitafuta chumvi.

"Haina," alisema, na akaanza kulia.